Lynnette Wanza Tsuma, Aliyeitunza Dawa ya Jalila

Marehemu Lynnette Wanza alizaliwa Changamwe tarehe 3 Mei 1974, mtoto wa pili wa mzee Musyoka Kilonzo, dereva wa lori la mafuta, na mkewe Bi. Rael. Alisoma huko huko Changamwe, akamaliza darasa la nane mwaka 1988 na kidato cha nne mwaka 1992, kisha akasomea uhifadhi wa vyakula katika chuo kimoja Mombasa.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa, akapewa kusimamia chumba cha baridi. Majirani walizoea kumwona akienda kazini na sweta zito mkononi, jua la Changamwe likiwaka.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa kanisani na Phineas Tsuma wa Rabai, mwendesha kreni bandarini. Mwaka 2002 walijaliwa binti, Neema, ambaye alifariki kabla ya kubatizwa. Hawakupata mtoto mwingine. Lynnette hakupenda kulizungumza jambo hilo, na wenye kumjua walijifunza kutomwuliza.

Walihamia Kiembeni mwaka 2006, ukuta kwa ukuta na Bi. Ummi Ismail. Bintiye Ummi, Jalila, alipatikana na kisukari akiwa mdogo, akawa wa kudungwa insulini kila siku. Friji ya Ummi ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha kitufe kwa mkono. Katika joto la Machi 2014 alikizungusha hadi mwisho. Mvua zilipoleta ubaridi hakuna aliyekumbuka kukirudisha, na ile dawa ikaganda. Ummi aliiacha ikayeyuka, akaendelea kumdunga mtoto, asijue kwamba imekwisha nguvu. Jalila alianguka shuleni, akapelekwa hospitali hana fahamu.

Lynnette alimkuta Ummi kwenye benchi la wodi, macho yamemvimba.

“Nilimdunga mwenyewe, da Lynnette. Wallahi sikumkosesha hata siku moja.”

“Najua. Dawa ndiyo iliyoharibika. Ikishaganda haifai tena.” Akamshika mkono. “Mungu akimwinua, dawa yake itakaa kwangu.”

Jalila aliinuka, na dawa ikahamia kwa Lynnette. Friji yake ilikuwa mpya, ya kujirekebisha yenyewe. Ndani ina kifaa kidogo kinachopima joto, na mashine huongeza au kupunguza kasi kulingana na hali, jua liwe kali, mvua inyeshe, au mlango ufunguliwe mara nyingi. Lynnette aliipanga kwenye digrii nne, basi. Tatizo likawa Phineas, mpenda maji ya baridi kali, aliyekuwa akibonyeza vitufe akitaka digrii zishuke. Lynnette alivibandika plasta.

“Baba, maji yako weka kwenye freza. Huku kuna uhai wa mtoto.”

Umeme ukipotea, hakuruhusu mtu kuugusa mlango wa friji. Phineas alikula mkate mkavu na siagi imo ndani, wala hakulalamika.

Basi asubuhi na jioni Jalila alipita mlango wa jikoni. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, umelala salama?” Akishadungwa alibaki kunywa chai, baadaye akawa anabaki kufanya kazi za shule, na mwishowe hakuna aliyeuliza kwa nini hajarudi kwao.

Mwaka 2022 figo za Lynnette zilianza kushindwa. Alisafishwa damu kila wiki, na akaandikiwa sindano za kuongeza damu ambazo nazo zilihitaji baridi. Zikawekwa kando ya insulini. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo Jalila, ambaye sasa alikuwa fundi wa nguo Kongowea, ndiye aliyemdunga.

“Polepole, mwanangu.”

“Mama, mimi nimedungwa tangu sijui kufunga viatu. Tulia.”

Lynnette alicheka, kisha akageukia ukutani. Phineas hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika Neema.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2025, mumewe akiwa kando yake. Kulipokucha Jalila aliingia jikoni kama kawaida, akamkuta Phineas ameketi peke yake. Alielewa. Aliitoa dawa yake, akashindwa kujidunga. Siku hiyo Ummi ndiye aliyemdunga, kama alipokuwa mdogo.

Marehemu amewaacha mumewe, Phineas Tsuma, mamake, Bi. Rael Musyoka, kaka yake Brian na mdogo wake Ronny, na binti mmoja, Jalila Ismail. Kabla jina hilo halijaandikwa, Phineas alikwenda kwa Bi. Ummi kumwomba ruhusa. Ummi alijifuta uso kwa upindo wa leso.

“Liandikeni,” akasema. “Sikumlea peke yangu.”

Mwenyezi Mungu ampe Lynnette pumziko la amani.