Bi Zabibu na Sufuria Iliyobaki Diepsloot

Ijumaa tarehe 27 Novemba 2026, Bi Zabibu Salum anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kutupikia chai, kutusafishia ofisi na kuwalilia wasanii ambao hajawahi kukutana nao.

Alianza kazi hapa Marshalltown, katikati ya jiji, mwaka 2004, akitokea Tanga, wakati kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja na spika mbili. Kazi yetu, kwa wasiojua, ni kusikiliza nyimbo mpya za folk, za Amerikana na za wale wanaojitungia na kujiimbia wenyewe, mtu na gitaa lake, kisha kuzipeleka redioni kila Ijumaa. Ni nyimbo za watu waliokimbiwa na wake, waliofiwa na mbwa, waliosahauliwa stesheni kwenye mvua. Wiki yake ya kwanza Bi Zabibu aliuliza kama hapa ni ofisi au hospitali.

Shida yake ni moja: haamini kwamba mtu anaweza kuimba msiba usiokuwepo. Kwao mtu akitangaza shida, jirani huenda. Ulipopigwa wimbo wa mke aliyeachwa stesheni, aliomba namba ya simu ya huyo mke. Nasi tukajifunza kumtumia: akitua birika, wimbo unapita, akiendelea kumimina, mtunzi anaandikiwa barua ya pole. Birika lile halikuwahi kukosea, jambo ambalo idara yangu, yenye watu wanne na diploma sita, haiwezi kujisifia.

Mwaka 2019 Gradi, kijana wetu wa mtaa wa Yeoville, alitoa wimbo kuhusu kumzika mama yake. Bi Zabibu akajifunga khanga, akawachukua wenzake wawili wa msikitini na sufuria ya pilau, wakaanza kulia tangu kwenye ngazi za kwao Gradi, kama inavyopasa. Mlango ulifunguliwa na marehemu. Mama wa watu hakuuliza kitu. Alidhani amefiwa jirani, akajiunga kulia asije akaonekana hana utu. Walilia pamoja robo saa kabla ya mtu kuuliza jina la maiti. Pilau ililiwa yote, na Gradi aliambiwa na mama yake mambo ambayo hayaandikwi kwenye jarida la wafanyakazi.

Meneja wetu, Madamu Brigitte, hakucheka. Alimwandikia Bi Zabibu barua ya onyo: akimfuata tena msanii kwa sababu ya maneno ya wimbo, kazi hana, na kiinua mgongo hana. Bi Zabibu, mwenye wajukuu watatu wanaosoma kwa mshahara huo, alitia sahihi. Kwa miaka sita alilia jikoni tu.

Halafu Julai mwaka jana ukaja wimbo wa Théodore wa Diepsloot, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Banjo inakimbia, miguu yote chini ya meza inacheza. Anaimba kwamba amemrudishia jirani sufuria yake tupu, amerudisha ngazi, amerudisha koti, na ufunguo kamwachia mwenye nyumba. Madamu Brigitte akauita wimbo wa furaha wa wiki. Mimi, Mungu anisamehe, niliandika kwamba ni wimbo mtamu wa kuhama nyumba.

Bi Zabibu akatua birika. Alisema anayehama hurudisha chombo cha watu kikiwa na kitu ndani, walau konzi ya mchele, kwa sababu anataka ujirani uendelee. Huyu amerudisha kitupu, tena kila kitu kwa mpigo. Tukamkumbusha barua. Alijibu kwamba barua anaijua, iko kwenye droo, na akaomba mtu aangalie jiko.

Théodore ameturuhusu kuandika haya: siku kumi na moja hakuna aliyemsalimia, na hakuwa na nia ya kuiona Ijumaa akiwa hai. Alipofungua mlango alimkuta mama wa Kitanga asiyemjua, amebeba sufuria, analalamikia vumbi la Diepsloot. Eish, mshangao wa watu wa huku, ndilo neno pekee alilopata. Bi Zabibu alikaa naye mpaka akala, akampigia simu mjomba wa Théodore, hakuondoka mpaka mjomba alipofika, na asubuhi wakampeleka kliniki. Sufuria aliiacha makusudi, kwa sharti kwamba ni ya kuazima na isirudi tupu.

Jumatatu aliiweka barua ya onyo mezani kwa Madamu Brigitte, vikombe vyake amekwisha kuvifungasha. Madamu Brigitte akaichana, kisha akaomba chai. Sote tuliona aibu, mimi zaidi. Tangu hapo hakuna wimbo unaotoka ofisini kwetu kabla mtu hajampigia simu aliyeuimba kumuuliza hali.

Albamu ya kwanza ya Théodore inatoka siku hiyohiyo ya kustaafu, naye ndiye atakayetuimbia kwenye sherehe. Bi Zabibu ameomba walau wimbo mmoja usiwe na msiba, ale keki yake kwa amani.

Bi Zabibu, asante kwa chai, na asante zaidi kwa kutusikilizia tulichokuwa tunalipwa kukisikiliza. Mungu akupe afya, wajukuu watiifu na majirani wasioimba. Kuhusu sufuria, Théodore ameuliza tena kama ailete siku ya sherehe. Jibu lako tumemfikishia: akae nayo, utaifuata mwenyewe kila ukija kumtembelea, na ole wake uikute tupu.

Pitchou, Idara ya Nyimbo Mpya