Vigelegele vya Mama Wariara

Benchi la nje ya duka la Mohanlal, mjini Nakuru, lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, lakini uongo lilioubeba ungevunja behewa la garimoshi. Kila Alhamisi jioni Mohanlal aliiweka redio dirishani, kahawa ikazunguka, na watu wakasubiri kipindi cha redio ya chuo kikuu: wiki hii somo la kuzuia mmomonyoko wa udongo, wiki ijayo nyimbo ambazo walimu wa chuo walizirekodi mashambani. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari mambo mengi hayakusemeka. Kipindi cha chuo kilikuwa kitu pekee mtu angeweza kubishania bila kufungwa. Ndivyo walivyodhani.

Nderitu fundi, ambaye benchini aliitwa Sindano, alikuwa kwenye cherehani yake hapo barazani, akitia kiraka koti la askari. Mwenye koti, Kiprugut, alikaa mwisho wa benchi akinywa kahawa polepole.

— Leo ni mamako, Sindano! alisema Kang'ethe wa posta, aliyeitwa Waya. Mama Wariara wa Kuresoi, kwa redio! Hata wewe mwenyewe hujawahi kusikika mbali zaidi ya soko.

— Ataimba wimbo wa kuozesha binti, alidakia Mburu, jina lake Bama kwa sababu alipigana vita vya Wazungu huko Burma. Afande, hujui wimbo huo? Kwao mama anataja watoto wake wote, kuanzia kifungua mimba. Aliye hai anatajwa, wanawake wanapiga vigelegele. Aliyekufa anarukwa, wimbo unaenda mbele.

— Ni wimbo mzuri, alisema Kiprugut.

Sindano alitamani kumshona Bama mdomo. Maana aliyemfuata yeye kuzaliwa ni Gachanja, na Gachanja aliaga nyumbani mwaka juzi akaelekea msituni, asionekane tena. Siku Sindano alipohojiwa, alisema ndugu yake alikufa kwa homa kule Kihoto, Naivasha. Kwa uongo huo aliachwa abaki mjini na cherehani yake. Mama akimtaja Gachanja leo, Sindano atalala korokoroni. Na mama akimruka, basi mama amepata habari ambayo Sindano amekuwa akiomba Mungu isifike. Waya na Bama walilijua jambo hilo. Kiprugut hakulijua.

— Mimi naona hivi, alisema Waya, ambaye hakuwahi kuona jambo akanyamaza. Hao walimu hawataki nyimbo. Wanakusanya sauti za akina mama. Haba na haba hujaza kibaba. Wakiisha kuwa na sauti ya mama, wanajua kila mtoto wake popote alipo, kwa sababu sauti za damu moja zinavutana.

— Wewe unajua stempu tu, alisema Bama. Ile mashini iko na sumaku. Kule Bama niliiona. Inavuta mpaka jina ambalo mtu amelimeza! Unaimba hivi, unaficha jina kooni, mashini inalitoa kama mfupa wa samaki.

— Uongo!

— Naapa kwa mkono huu! Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo methali inaingilia wapi hapo?

— Inaingia kwa samaki.

Kiprugut alicheka kidogo. Waya, kuona askari amecheka, akapanda zaidi.

— Basi mimi nitawaambia kazi yake hasa. Hizo sauti zitatiwa kwa ndege yenye spika. Ndege inapita juu ya msitu, mama anaimba kutoka mawinguni, na kila kijana akisikia mama yake anatoka mwenyewe...

Bama alimkanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kiprugut aliweka kikombe chini.

— Nani hapa ana kijana msituni?

Waya alinywa kahawa kwenye kikombe kitupu.

— Asiyejua maana haambiwi maana, alijaribu Bama.

— Sikukuuliza methali, mzee. Fundi, kwenu mmezaliwa wangapi?

Sindano alilivuta koti kutoka kwenye cherehani, akaliweka magotini.

— Tulio hai ni wawili, afande. Mimi na dada yangu Wangui. Wa katikati alikufa kwa homa.

— Pole sana. Basi leo tutasikia majina mawili.

Mohanlal aliongeza sauti ya redio. Mwalimu wa chuo alieleza kwa Kiswahili laini kwamba nyimbo hizi ni hazina, zisiachwe zipotee. Kisha sauti ya Wariara ikatoka dirishani, kavu na yenye nguvu, na Sindano akajikuta mtoto tena, amebebwa mgongoni katika shamba la viazi. Alimkumbuka mama kwa uchungu, akaogopa machozi kuliko korokoro.

Hapo alifika mama mgeni aliyebeba kibuyu cha maziwa. Alisema anaitwa Chepkemboi, ametoka Keringet, akauliza kama Mohanlal ananunua maziwa. Walimwonyesha kwa ishara akae, asubiri. Akakaa, akasikiliza.

— Nderitu! aliimba Wariara. Vigelegele vikapasuka.

Kiprugut akakunja kidole kimoja.

Miguu ya waimbaji ikapiga chini. Zamu ya wa pili ikafika. Wariara hakutaja jina. Wala wimbo haukuruka. Ngoma ya miguu iliendelea, mahali pa jina pakabaki wazi, pana kama mlango, kisha wanawake wote wa Kuresoi wakapiga vigelegele, virefu kuliko vya kwanza.

— Wangui! aliimba mama. Vigelegele tena.

Wimbo ukaisha. Mwalimu alishukuru, akaanza habari za mbolea. Waya alitazama viatu vyake. Bama, ambaye methali hazikumwishia hata kanisani, hakuwa na hata moja. Kidole cha pili cha Kiprugut kilikuwa kimekunjwa, na cha tatu kilikuwa kimekunjwa nusu.

Mama Chepkemboi aliwatazama wote kwa upole wa mgeni.

— Wazee, samahani. Mimi lugha hiyo siisikii. Lakini pale katikati, ambapo hakuna jina, wamempigia nani vigelegele?

Furaha ilimpanda Sindano kifuani ghafla, na hofu ikapanda nayo, zikakabana hapo hapo. Gachanja yuko hai. Mama anajua yuko hai! Aliinama haraka, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele ijaze ule ukimya. Alikanyaga, akakanyaga.

Kiprugut aliitazama cherehani, kisha magoti ya fundi.

— Fundi, alisema mwishowe, taratibu. Koti langu bado liko magotini mwako.