Kadi Mpya ya Nailoni

Wanamwita Nailoni kwa sababu hajawahi kubandua plastiki ya kitu alichonunua, iwe kochi, rimoti au kiti cha baiskeli. Alasiri hiyo alikaa pembeni ya benchi la Fundi Viatu, kahawa ikimpolea mkononi, roho juu juu. Binti yake alitakiwa kutuma filamu yake ya katuni chuoni kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo nafasi ya masomo ingempita. Kompyuta ilikuwa nzito kwa kazi hiyo, baba mtu akanunua kadi mpya ya picha, ile ya kuipelekea skrini picha, na kuifunga mwenyewe. Tangu jana skrini ni giza totoro, na binti hamsemeshi.

— Lakini inawaka? Fundi Viatu aliuliza bila kuacha kushona.

— Feni zinazunguka, taa zinamulika. Skrini tu ndiyo nyeusi tii.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Profesa, mkata tiketi za basi ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. — Kadi ina siku moja tu, unaitaka ilime?

— Chuo hakingoji siku ya tatu, Profesa!

— Ina feni ngapi? akadakia Fundi Viatu.

— Tatu.

— Basi hiyo si kadi, ni helikopta. Kompyuta inahangaika kupaa, picha itakumbuka saa ngapi?

— Ifunge kamba kwenye meza, Profesa akaafiki. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na meza yako ina miguu minne.

Nailoni hakucheka. Mtoto akikosa chuo, atakuwa amekoseshwa na mikono hii hii iliyotaka kumsaidia. Machozi yalimlenga, akayameza pamoja na kahawa baridi.

Mwanamke mmoja, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa amesimama akingoja mkoba wake ushonwe.

— Samahani, kaka. Waya wa skrini umeuchomeka kwenye hiyo kadi, au pale pa zamani?

Profesa alimtazama Fundi Viatu, Fundi Viatu akatazama kiatu.

— Pa zamani, Nailoni alisema taratibu. — Matundu ya kadi yana vifuniko vya plastiki.

— Hukuvitoa?

— Si vya kuzuia vumbi, dada?

Hata kabla hajajibiwa, alikuwa keshavuka barabara. Alipanda ngazi mbili mbili, akang'oa kifuniko kwa kucha, akahamisha waya. Skrini ikajaa mwanga.

— Baba! binti alisema, neno lake la kwanza tangu jana.

Nailoni akafungua dirisha.

— Imewaka! Kahawa yangu mpeni yule dada!

— Profesa keshaimaliza! Fundi Viatu akajibu kutoka chini.

Nailoni alicheka mpaka yale machozi yakatoka. Nyuma yake binti alikuwa ameshaketi kazini. Saa tisa na nusu, muda ulikuwepo. Kisha binti akagusa plastiki ya dukani iliyokuwa bado imebandikwa kwenye skrini, mwaka wa tatu sasa.

— Na hii, baba?

Nailoni alivuta pumzi.

— Bandua, mama. Bandua yote.