Viti 2,491

Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kukosea aliwaachia wanafunzi wake, alikuwa kwenye treni na mpanga viti asiyetulia.

"Mzee wangu, viti 2,491, na bosi anataka mistari yote ilingane, kisibaki hata kimoja. Nikishindwa, kibarua kimeota nyasi."

Mwalimu akagawanya kichwani: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tisa, mpaka arobaini na tatu. Kila mara vilibaki viti. "Haigawanyiki, mwanangu. Labda uvipange vyote mstari mmoja."

"Basi nakwenda kuacha kazi kabla sijafukuzwa." Treni ikasimama, akashuka.

Milango ikafungwa. Mwalimu, roho juu, akajaribu arobaini na saba. Mistari arobaini na saba, kila mmoja viti hamsini na tatu, hakibaki hata kimoja. Treni ilishashika kasi alipoanza kugonga kioo.