Kikombe cha Kahawa cha Mhandisi Faraj

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mhandisi Faraj Suweilim wa Quweira, aliyefariki wiki iliyopita akijaribu gari kwenye mchanga. Niwaambie mapema, moyo wangu haujatulia.

Mnajua mawimbi ya setilaiti yanavyovurugwa huku kusini. Uko katikati ya jangwa la Rum, simu inakwambia uko uwanja wa ndege wa Amman. Sisi tunacheka. Dereva wa gari la wagonjwa hacheki. Basi Faraj akatengeneza kifaa kisichotegemea setilaiti. Kilihesabu mizunguko ya magurudumu na kupima kila kona, gari lijue lilipo. Alikijaribu kwenye lami ya Akaba mpaka kikawa hakikosei. Akakifunga kwenye gari la wagonjwa, ambalo dereva wake ni mdogo wa Faraj, Nayif.

Kisha ikaja siku ya vumbi. Mke wa Shteiwi, mfugaji ngamia, alishikwa na uchungu kambini. Nayif akaondoka mbio. Alipofika mchangani alifanya tunachofanya sote: akashuka, akapunguza upepo matairini ili gari lisizame. Wasikilizaji wapendwa, kosa lilikuwa hapo. Tairi lenye upepo kidogo hupungua kimo na kuzunguka mara nyingi zaidi. Kifaa kikahesabu mwendo mrefu kuliko gari lilivyokwenda. Kikasema, umefika. Nje vumbi tupu. Kambi ilikuwa bado mbele. Nayif alipoipata, mama na mtoto walikuwa wameshafariki.

Faraj alikuwa akipunguza upepo matairini tangu utotoni. Kwetu ni kama kuvua viatu mlangoni, nani hulifikiria? Hata yeye hakulifikiria.

"Chakula kilimshinda," mama yake, Umm Faraj, aliniambia. "Nikamwambia, mwanangu, ni kudra ya Mungu. Akanijibu, 'Mama, kudra ni ya Mungu, hesabu ni yangu.'"

Faraj akaenda msibani kwa Shteiwi. Akapewa kahawa, akaiweka chini. Mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Mke wangu yuko kaburini," Shteiwi aling'aka, "nawe unaniletea haja zako?"

"Sikuja kuomba msamaha, ami. Naomba unipitishe njia zako zote za mchangani, mpaka kifaa kisidanganye tena."

Shteiwi akamsogezea kikombe. "Kunywa," akasema. "Ila ukikosea tena, hapa usije."

Faraj akaweka kipimo ndani ya kila tairi. Upepo ukipungua, hesabu inajirekebisha. Shteiwi alikaa kiti cha nyuma akimtania: "Mhandisi mzima unashindwa na ngamia wangu? Yeye hajazwi upepo, na nyumbani anafika!" Kwenye njia iliyonyooka kifaa kikawa sahihi. Zikabaki kona kali. Wiki iliyopita, wakizijaribu, Nayif akiwa kwenye usukani, tairi lenye upepo kidogo likachomoka konani. Gari likapinduka. Nayif alitoka mzima. Faraj hakutoka.

Nayif akaking'oa kifaa kwenye gari la wagonjwa, akakitupa stoo.

Juzi nilikuwa msibani kwao. Shteiwi akaingia. Nayif akampa kahawa. Mzee akaiweka chini.

"Sema haja yako, ami."

"Kirudishe garini."

"Kimeniulia kaka yangu!"

"Na mke wangu. Ndiyo maana nimekuja mimi, hakutumwa mwingine."

Kahawa ikapoa. Nayif akalia mbele ya wanaume wote, wala hakuuficha uso wake. Kisha akaimwaga ile kahawa, akamimina nyingine ya moto.

"Kunywa, ami. Lakini zile kona tutazipima sote wawili."

Wasikilizaji wapendwa, kona bado hazijapimwa, na vumbi halisubiri. Pole sana, Umm Faraj. Pole, Nayif. Na wewe unayenisikiliza, liko jambo unalifanya kila siku bila kuliwaza. Leo liwaze, maana huenda kuna mtu kambini anakungoja. Mungu amrehemu Faraj.