Mkata Miti na Riwaya ya Muuguzi

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi aliyekaa mbele yangu aliacha riwaya yake akachungulia gazeti la jirani. "Kaka, mto umekauka siku tatu baada ya miti ya chemchemi kukatwa? Humu kitabuni pia ni siku tatu! Mzimu wa chemchemi umehama na maji yake."

Jirani, aliyepakata msumeno wa mashine, alisoma gazeti, akasoma kitabu, akarudia gazeti, kana kwamba mojawapo lingeomba radhi. "Dada, miti hiyo niliikata mimi. Na leo nimeitwa nikamalize iliyobaki. Huyo mwandishi kanijuaje?"

"Kitabu kina miaka kumi."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mkata miti wa humo anafanywaje?"

"Sijafika huko."

"Fika basi! Mimi nashuka kituo kijacho."

Muuguzi akafunua kurasa kwa kasi ambayo ingemliza mwalimu wetu wa fasihi. Mimi, kwa heshima zote, nilisogeza sikio.

"Anaingia msituni... anawasha msumeno..."

"Halafu?"

"Halafu mwandishi anaeleza nywele za mkewe."

"Nywele za nini sasa!"

Treni ikasimama. Mkata miti akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na abiria wa nyuma yake wakamwambia achague.