Baridi, Mpiga Drams wa Majokofu Mabovu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Baridi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi mitambo na mama muuza vitambaa. Wa kwanza ni dada yake, ndiye anayesoma maneno haya. Baba yao alianguka kazini mwaka 1983, spana ikiwa bado mkononi, na hakuinuka tena. Watu wazima walisema ni moyo. Baridi alikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo alizoea kuweka kiganja kifuani kila alipodhani hakuna anayemwona. Dada yake alimwona, akadhani anajikuna.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha mbao, akamaliza sekondari mwaka 1992. Darasani alikuwa wa katikati, si wa kusifiwa wala wa kufukuzwa, ila dawati lake halikupata raha. Alilipiga kwa vidole, kwa rula, hata kwa magoti. Mwalimu wa jiografia alimhamishia dirishani ili atulie, naye huko akawa anafuatisha misumeno ya kiwandani. Baadaye alisomea ufundi wa majokofu kwa miaka miwili, na mwaka 1997 akafungua karakana yake. Waliomwita Baridi walimpa jina kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akihamaki. Walidhani hatishiki na kitu. Kumbe mwenzao alikuwa amejaa woga hadi kooni.

Ni katika karakana hiyo, mwaka 1998, ilipoanza bendi ya Majokofu Mabovu. Kinyozi wa jirani aliimba na kupiga gitaa, mwalimu wa hisabati akashika gitaa la besi, Baridi akakalia drams. Majokofu yaliyoshindikana kutengenezwa waliyapanga ukutani yazuie kelele, na majirani waliopo hapa ni mashahidi kwamba hayakuzuia chochote. Walipiga roki ya kivyao, ambayo haikufanana na ile ya redioni. Harusini walipiga mara moja tu. Baada ya wimbo wa pili mjomba wa bibi harusi aliwaomba, kwa heshima zote, waende kwanza wakale. Walikula hadi harusi ikaisha.

Mwaka 2003, wakipiga katika ukumbi wa chuo cha ufundi, Baridi alihisi moyo umemgeuka kifuani. Mkono ukabaki hewani, pigo moja likapita bila kupigwa. Wenzake walisita, kisha wakarudi pamoja naye, na ukumbi mzima ukashangilia.

"Pale ulipoacha, ulikusudia?" Mwalimu alimuuliza wakati wanafungasha vyombo.

"Ndiyo," alijibu Baridi.

Alijibu hivyo kwa hofu. Alijua akisema kweli wangemsimamisha, wangempeleka hospitali, na huko angeambiwa jambo ambalo hakutaka kulisikia kwa masikio yake. Tangu hapo akawa anaruka mapigo mengine makusudi, ili yale yaliyomponyoka yajifiche katikati yake. Wenzake wakajifunza kumsubiri. Wimbo wao "Mlango Haufungi" ulipopigwa redioni mwaka 2006, mtangazaji alimsifu mpiga drams anayejua kunyamaza. Baridi alizima redio, akatoka nje kupata hewa.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 5 Agosti 2000 na fundi cherehani aliyemletea friji moja mara tatu, ingawa mara mbili za mwisho haikuwa na ubovu wowote. Mke wake alimkuta mara nyingi amelala ameketi, akadhani anavizia wezi. Mwaka 2005 walijaliwa binti. Akiwa na miaka minane alishakalia drams za baba yake na kumwiga kila kitu, pamoja na kuruka mapigo. Watu walisema ni baba yake mtupu. Baridi hakulipenda neno hilo, na hakuna aliyejua kwa nini.

Desemba 2022 alianguka karakanani, mbele ya friji ya muuza nyama. Daktari alimwambia moyo umetanuka, kwamba ugonjwa huo hutembea katika ukoo, na kwamba ukigunduliwa mapema mtu huishi nao miaka mingi kwa dawa. Akaagiza ndugu na watoto wapimwe. Agizo hilo Baridi alilikalia kimya miezi mitano. Mwishoni mwa Mei, dada yake akimkata kucha wodini, ndipo alipofungua kinywa.

"Dada, naogopa."

"Unaogopa kufa?"

"Hilo langu, nimeshalizoea. Namwogopea mtoto. Kabla sijalazwa alikuwa anapiga, akaruka pigo mahali ambapo mimi siruki."

"Ukamuuliza?"

"Nimuulize nini? Akinijibu kwamba amekusudia, nitajuaje?"

Alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti mmoja, dada mmoja, na wenzake Kinyozi na Mwalimu, ambao hadi asubuhi hii wanaulizana ni mapigo yapi yalikuwa muziki na yapi yalikuwa maradhi. Jana jikoni, shangazi alimuuliza binti lile swali lililomshinda baba yake. Binti akasema alikusudia, akaendelea kuosha vikombe. Kisha akafunga bomba.

"Si yote, shangazi," akasema.

Keshokutwa asubuhi wataingia hospitali pamoja, shangazi na yeye, kila mmoja na moyo wake wa kupimwa. Wote wawili wanaogopa. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba haya yasomwe mbele yenu nyote, ili asipate nafasi ya kubadilisha jibu.

Baridi apumzike sasa kwa amani, na woga wake atuachie sisi.